Nunua kitambaa kwanza, stendi itafuata

Watu wanaoanza kupiga potreti nyumbani karibu wote swali lao la kwanza ni stendi ya kutundikia kitambaa cha nyuma ya mtu. Wananitumia picha ya ile seti ya madukani, ya mkoba mweusi, miguu miwili na fimbo ya juu inayoungwa vipande vipande, wanauliza vipi hii, itafaa? Na mimi narudisha swali, utatundika nini? Hapo wengi wanasita, maana kitambaa walishakiweka kwenye kundi la vitu vya kuokoteza baadaye. Mi naona mpangilio umegeuzwa. Stendi haionekani kwenye picha hata siku moja, kitambaa kinaonekana kwenye kila picha utakayopiga, na uzito wake na upana wake ndo unakwambia stendi ya aina gani inatosha. Kwa hiyo anza na kitambaa, na kabla ya kitambaa anza na chumba chako na lenzi yako.

Naongelea sebule ya kawaida ya Dar, nyumba ya kupanga, mita nne kwa tano hivi ukishasogeza sofa na kutoa meza ya kahawa. Nyuma ya sofa kuna televisheni, king'amuzi na nyaya zake, kalenda ya msikitini au ya kanisani, saa ya ukutani, friji likiwa limekosa nafasi jikoni, na mtu ukimkalisha hapo ukampiga, macho ya anayeangalia picha yanaenda kwenye friji kabla hayajafika usoni. Sisemi sebule ni mbaya. Tena nikimaliza kupiga na kitambaa huwa nakishusha nampiga mtu na sebule yake hivyo hivyo ilivyo, na vitambaa vya kufuma kwenye sofa na kila kitu, kwa sababu hizo nazo ni kumbukumbu na miaka 20 ijayo watu watazitafuta. Ila potreti ni kitu kingine, pale unataka uso tu.

Na kuna sababu inayonifanya nilichukulie hili jambo kwa uzito. Nenda kwenye misiba yetu uangalie ile picha ya marehemu iliyowekwa mbele, mara nyingi imekatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, bega la jirani bado linaonekana pembeni, au imekuzwa kutoka kwenye kitambulisho mpaka uso umekuwa vidoti vidoti. Mtu kaishi miaka 80, kalea watoto na wajukuu, na familia nzima usiku ule inapekua simu inatafuta picha moja ambayo yuko peke yake na anaonekana vizuri, haipo. Simu tunazo, wazee tunao, dirisha lipo, kilichopungua ni kitambaa na nusu saa ya kumkalisha mzee kwa heshima. Ndo maana mtu akiniuliza anunue nini namjibu kwa urefu, nataka afanikiwe.

Haya, tupime. Chukua tepu upime kutoka ukuta utakaoweka kitambaa mpaka ukuta wa upande wa pili. Tuseme mita 5. Toa nusu mita ya stendi kukaa, toa nusu mita ya wewe kusimama nyuma ya kamera, unabaki na mita 4 kati ya kamera na kitambaa, na ndani ya hizo 4 mtu akae mbele ya kitambaa kwa mita 1.5 hivi. Kama kamera yako ina sensa (kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa APS-C, ambayo ndo iko kwenye kamera nyingi za bei ya kati, ukaweka lenzi ya 50 mm na ukaishika wima, kipande cha kitambaa kinachoonekana kwenye picha ni kama mita 1.25 tu kwa upana. Ukiilaza kamera ni kama mita 1.9. Maana yake kwa potreti ya mtu mmoja, kifua kwenda juu, kitambaa cha mita 1.5 kinatosha kabisa, na mtu anayekwambia lazima ununue cha mita 3 kwa 6 anakufikiria una ukumbi.

Simu ndo inashangaza watu. Lenzi kuu ya simu ni pana mno, ukiishika wima upana inaouona unakaribia kuwa sawa na umbali wenyewe, kitambaa kikiwa mita 3 mbele yako basi unahitaji upana wa karibu mita 3, ndo maana mtu anapiga na simu anaona kona za ukuta na miguu ya stendi zimeingia pande zote, anadhani kitambaa ni kidogo. Bonyeza 2x. Hapo hapo unachohitaji kinapungua nusu, na faida nyingine ni kwamba unalazimika kurudi nyuma hatua kadhaa, pua ya mtu inaacha kuvimba na masikio yanarudi mahali pake. Hii ni bure kabisa na inakuokolea hela ya kitambaa.

Ila ukitaka familia ya watu watano wamekaa pamoja, au mtu mzima amesimama mpaka miguu, hesabu inabadilika. Mtu wa kusimama anahitaji kitambaa kishuke kutoka juu kama mita 2.2 na kiendelee sakafuni mbele mita 1.5 au zaidi ili akanyage juu yake, kwa hiyo urefu wa mita 4 hivi, na upana sio chini ya 2.5. Amua mapema unapiga nini zaidi. Mi napiga wazee na wahitimu na watoto wachanga, wengi wamekaa, na kwa kazi hiyo vitambaa viwili vya wastani vimenifaa kuliko kimoja kikubwa.

Sasa kitambaa chenyewe. Kitu cha kwanza kukiangalia ni mng'ao, hata kabla ya rangi. Satini ile ya mapambo ya ukumbini inavutia sana ikiwa dukani na kila mtu anaikimbilia, na kwa potreti ndo ya kuiepuka kuliko zote, kwa sababu kila mkunjo unashika mwanga na kutoa mstari mweupe unaokatiza nyuma ya kichwa cha mtu. Poliesta nyembamba nayo vile vile, na juu yake inapitisha mwanga, ukuta na dirisha la nyuma vinaonekana kama kivuli. Unachotaka ni kitu kisichong'aa. Pamba nzito inafaa, kitambaa cha turubai ya pamba kinafaa, kitambaa cha jinzi kinafaa, vile vitambaa vizito vya mapazia vyenye uso mkavu vinafaa sana. Velveti ni habari ya peke yake, manyoya yake yanameza mwanga, velveti nyeusi inatoa weusi mzito usio na mkunjo hata mmoja unaoonekana, lakini ina mwelekeo, ukiipapasa kwenda chini ni rangi moja ukiipapasa kwenda juu ni nyingine, kwa hiyo vipande viwili lazima vishonwe manyoya yakiangalia upande mmoja la sivyo picha itaonyesha rangi mbili. Na kuna ile poliesta ya kufumwa inayovutika kama jezi, hiyo haishiki mikunjo, unaivuta kwenye miguu ya stendi unaibana na klipu inanyooka yenyewe, kwa mtu anayebeba vifaa kwenda nyumbani kwa wateja hiyo ndo ningemshauri.

Dukani usione aibu kujaribu. Kunja kona ya kitambaa kwenye ngumi ubane sekunde 10, ukifungua ukaona mikunjo imechongeka kabisa ujue utapiga pasi mpaka uchoke. Washa tochi ya simu uimulike kitambaa kwa ubavu, ukiona inarudisha mng'ao kama maji, rudisha jora kwa mwenyewe. Halafu muombe muuzaji utoke nacho mlangoni ukiangalie kwenye mwanga wa mchana, taa za ndani ya maduka zinadanganya rangi, kijivu kinaweza kuwa na ubuluu au ukijani ambao ndani hukuuona, na huo ukijani utakuja kuukuta kwenye kila picha. Kiangalie pia juani uone kama kinapitisha mwanga.

Kuhusu wapi, kwa Dar ni Kariakoo, hilo kila mtu anajua, lakini watu wanaingia maduka ya vitambaa vya nguo kule Mtaa wa Uhuru ambako ni kanga na vitenge na vya kushonea, na vitambaa vya nguo vingi vina upana wa inchi 45 au 60, yaani kama mita 1.15 au mita 1.5. Ukitaka upana nenda kwenye maduka ya mapazia. Kuna vitambaa vya pazia vinauzwa kwa upana wa mita 2.8, hapo huna haja ya kuunga, unakata mita 4 ya urefu umemaliza, una kitambaa cha mtu mmoja na cha familia kwa mkupuo. Muuzaji atakuuliza dirisha lako lina ukubwa gani, mwambie tu ni la kupigia picha, wengi wanafurahi na wanaanza wenyewe kukutolea majora ya rangi zilizokaa stoo muda mrefu, na zile rangi zilizokosa wanunuzi wa mapazia mara nyingi ndo zinafaa kwetu.

Na usidharau mitumba. Pale Mchikichini, Karume, kwenye mafungu ya mapazia na mashuka, unaweza kukuta pazia zito lililotoka Ulaya, limeshapindwa pembe zote, juu limeshashonewa njia ya kupitisha fimbo, limefuliwa mara nyingi mpaka limelegea na rangi imepoa. Kitambaa kilichopoa rangi ni kizuri kwenye picha kuliko kipya. Kuna mpiga picha wa Marekani, Irving Penn, mwaka 1950 alikuwa anapiga Paris na alitumia pazia kuukuu la jukwaa la maigizo kama kitambaa chake cha nyuma, likiwa na madoa na rangi zilizofifia, na akaendelea kulitumia miaka na miaka kwa watu wa kila aina, maarufu na wasio maarufu. Yaani pazia la mtumba. Uzuri wake ni kwamba lile doa doa na kufifia kunaipa picha kina bila kuiba macho.

Kama huna hela ya kununua kabisa, angalia kitandani. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio yake mwaka 1948, akawa anapigia uani kwenye mwanga wa mchana, na kitambaa chake cha kwanza kilikuwa ni tandiko lake mwenyewe la kitandani, lile lenye nyuzi za kuning'inia pembeni. Baadaye akawa anabadilisha kila baada ya miaka michache, na ndo maana leo picha zake nyingi zinajulikana ni za miaka gani kwa kuangalia tu kitambaa kilichoko nyuma. Hilo nimelichukua, kila kitambaa nikianza kukitumia naandika mwezi na mwaka.

Keïta ananileta kwenye maua na michoro, maana watu wanauliza sana kuhusu kutumia kitenge au kanga. Yeye alikuwa anamkalisha mama mwenye gauni la maua mbele ya kitambaa cha maua na picha inakuwa tamu ajabu, lakini kumbuka alikuwa anapiga nyeusi na nyeupe, rangi hazigombani pale, zinagombana mistari tu na yeye alijua kuipanga. Ukija kwenye rangi, kitenge chekundu cha maua makubwa nyuma ya mtu aliyevaa kitenge cha njano ni kelele. Kama unakitaka kitenge nyuma basi nguo iwe ya rangi moja iliyotulia. Kanga ina kazi ya ziada kwa sababu ina pindo na ina maandishi, mita 1.5 kwa kama 1.1, pindo likipita usawa wa shingo linamkata mtu kichwa, na jina lisomeke, usilining'inize kichwa chini. Kwa bibi anayependa kanga zake mi naona heshima zaidi kumfunika nayo mabegani kuliko kumtundikia nyuma.

Na zile studio za zamani za pazia lililochorwa tusizisahau. Likoni pale Mombasa miaka ya 1990 wapiga picha wa karibu na feri walikuwa na vibanda vyenye michoro ya meli na ndege, mtu anapiga picha kama anasafiri. Ni kazi ya sanaa kabisa na natamani ingerudi. Ukitaka kuchora chako, njia nyepesi ni kuchukua pamba nene isiyopaushwa, ile marekani, uipake rangi ya maji ya ukutani iliyochanganywa na maji mengi, unapaka kwa sponji kwa mizunguko, tabaka la rangi nyeusi kidogo pembeni na angavu kidogo katikati, isifanane popote. Ikikauka usiikunje kamwe, rangi inapasuka kwenye mikunjo, izungushe kwenye bomba.

Rangi sasa, na hapa nina msimamo. Ushauri mwingi tunaousoma mtandaoni unaanza na nyeupe na nyeusi, na kwa ngozi zetu zote mbili ndo ngumu. Nyeupe inaidanganya kamera, inaona mwanga mwingi inapunguza, uso wa mtu mweusi unakuwa giza, lazima uongeze mwanga mwenyewe kama hatua moja hivi, yaani mara mbili, au kwenye simu uguse uso wake kwenye kioo na ubane hapo hapo mpaka kipimo cha mwanga kijifunge. Inawezekana, mpiga picha Richard Avedon kati ya 1979 na 1984 alizunguka magharibi ya Marekani akiwapiga wachimba migodi na wafanyakazi wa mashambani nje, kivulini, mbele ya karatasi nyeupe tupu, na kila kunyanzi usoni kinaonekana, ila yule alikuwa na wasaidizi na alikuwa anapima kila kitu. Nyeusi nayo inameza nywele na mabega, mhitimu aliyevaa joho jeusi mbele ya kitambaa cheusi unabaki na uso unaoelea, mpaka uwe na taa ya pembeni ya kumchora ukingo wa mwili.

Chukua zile za katikati. Rangi ya udongo, rangi ya ugoro, kijani cha jeshi, kijivu kilichokolea, damu ya mzee iliyofifia. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde mbele ya kijani kile kilichopoa inawaka yenyewe, sijui niielezeje zaidi ya hivyo, jaribu uone. Kijivu ndo kitambaa cha kwanza ningemshauri mtu mwenye hela ya kimoja tu, kwa sababu kijivu kinatii: ukikisogeza karibu na mwanga kinaenda kuwa karibu cheupe, ukikiweka mbali kinakuwa karibu cheusi. Taa ndogo ikiwa mita 1 kutoka kwa mtu na kitambaa kiko mita 3 kutoka kwenye hiyo taa, kitambaa kinapata sehemu moja tu kati ya 9 ya mwanga anaoupata mtu. Kwa hiyo kitambaa kimoja cha kijivu na nafasi ya kutosha vinakupa rangi tatu. Zile kali kali, nyekundu ya moto, kijani cha majani mabichi, zina tabia ya kurusha rangi yao kwenye shavu na shingo la mtu aliyekaa karibu, ukizitumia msogeze mtu mbele zaidi.

Na ukiwa unapiga wazee wetu kuna jambo vitabu vya kamera havikwambii. Bafta nyeupe ndo kitambaa cha sanda. Mzee anaijua akiiona, na kumkalisha mbele ya bafta iliyotundikwa ni kumkosesha raha hata kama hatasema. Kaniki hivyo hivyo, kwa picha ni kitambaa kizuri sana, pamba isiyong'aa, nyeusi yenye ubuluu ndani, lakini wengi wa rika la bibi zangu wakiona kaniki wanawaza uganga na matambiko. Kabla hujatundika muonyeshe kitambaa, mwambie shikamoo bibi, nataka nikupige picha mbele ya hiki, unaonaje? Acha achague mwenyewe. Akichagua yeye anakaa vizuri, mabega yanashuka, na hilo ndo unalolihitaji kuliko kitambaa chochote.

Ukishanunua, kipeleke kwa fundi cherehani. Kama ni pamba kifue kwanza, kitapungua kidogo, bora kipungue kabla ya kushonwa. Juu ashone pindo la wazi la sentimita 10 la kupitisha fimbo, chini pindo la kuweka mnyororo mwembamba au nondo nyembamba ili kivutwe chini. Kama lazima kuunga vipande viwili, usikubali mshono wa katikati. Mwambie apasue kipande cha pili kwa urefu, nusu aishone kushoto na nusu kulia, kipande kizima kibaki katikati, hapo mishono inaangukia pembeni ambako mara nyingi haingii hata kwenye picha.

Ndo tunafika kwenye stendi, na sasa una majibu yote unayohitaji. Pamba ya kawaida ya mita 3 kwa 4 ina uzito wa kilo mbili hivi. Velveti ya ukubwa huo inafika kilo tatu na nusu au zaidi. Karatasi ya studio, lile roli la upana wa mita 2.72, ni kilo sita na kitu. Ile seti ya kawaida ya madukani yenye fimbo ya vipande vinne vya kuunga, kwa pamba inatosha vizuri, kwa velveti fimbo inaanza kupinda katikati kama tabasamu ukiivuta mpaka mwisho wa upana wake, kwa roli la karatasi mi nisingeithubutu. Dawa ya kwanza ni kutotumia upana wote, toa kipande kimoja cha fimbo, sogeza miguu karibu, inakuwa ngumu zaidi. Ukinunua angalia zile kufuli za kubana miguu, za chuma ni bora kuliko za plastiki, na angalia unene wa bomba la juu kabisa maana hilo ndo jembamba kuliko yote na ndo linabeba.

Stendi yoyote nyepesi lazima ifungwe chini. Viroba viwili vya mchanga, kimoja kila mguu, basi. Sakafu zetu nyingi ni marumaru, zinateleza, na kuna panga boi juu, na kuna mtoto anakatiza mbio, stendi ikianguka inamuangukia mtu uliyemkalisha na huyo anaweza kuwa bibi wa miaka 80. Kwenye hili sitaki mjadala. Feni ikiwa lazima iwake basi iwe ile ya chini na isielekee kwenye kitambaa.

Kama hubebi vifaa kwenda popote, mi ningeenda kwa fundi wa kuchomelea kabla ya kwenda dukani. Mabomba ya chuma yanauzwa kwa urefu wa mita 6, mawili yanakutosha, unapata nguzo mbili za mita 2.3, fimbo ya juu ya mita 3 na miguu minne ya chini ya sentimita 60 kila mmoja, na kipande kinabaki. Mwambie nguzo zichomekwe kwenye miguu kwa bomba nene fupi, zisichomelewe moja kwa moja, ili uweze kuzichomoa ukaziweka nyuma ya kabati. Apige rangi isiyong'aa. Ni nzito, haitetemeki, inabeba velveti na karatasi bila wasiwasi. Mabomba ya plastiki nayo watu wanatumia, tii na elbo kutoka duka la vifaa vya ujenzi, kwa kitambaa chepesi ni sawa, ila bomba la inchi moja likivuka mita 2 linapinda, pitisha bomba jembamba la chuma ndani yake.

Na kama mwenye nyumba hana shida na matundu, kulabu mbili za pazia ukutani na fimbo nzuri ya pazia zinashinda stendi zote kwa sababu hazili nafasi ya sakafu. Akikataa matundu, nondo za dirisha zipo, fimbo inafungwa kwenye nondo za madirisha mawili yaliyokaribiana. Kamba peke yake usitumie, hata uivute vipi itashuka katikati na kitambaa kitajikusanya hapo.

Mahali pa kuweka yote haya panaamuliwa na dirisha. Vitabu vya Ulaya vinasema tafuta dirisha la kaskazini, kwa sababu kwao jua halipiti huko. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, kuanzia mwezi wa 3 mpaka mwanzoni mwa mwezi wa 10 jua la mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo miezi hiyo dirisha la kusini ndo linatoa mwanga uliotulia, na kuanzia katikati ya mwezi wa 10 mpaka mwisho wa mwezi wa 2 inageuka. Mtu akae ubavu kwa dirisha, kitambaa kiwe nyuma yake kwenye ukuta ulio pembeni ya dirisha, kisiwe ukuta ulioko mkabala na dirisha, ili mwanga upite usoni kwake kwanza na kitambaa kipate masalia. Upande wa giza wa uso weka shuka jeupe kwenye kiti, linarudisha mwanga kidogo, halionekani kwenye picha.

Mikunjo ya kuning'inia, ile laini inayoshuka kutoka juu, mi naiacha, ina uhai wake. Mikunjo ya miraba ya kukunjwa dukani hapana, hiyo ipige pasi ya mvuke, au nyunyizia maji kitambaa kikiwa kimeshatundikwa, kivute pembeni kwa vibanio, kikikauka kimenyooka. Ukimaliza kazi usikikunje tena, kizungushe kwenye bomba la plastiki la inchi 3, ukifunge kwa kamba ya kitambaa, kisimame nyuma ya mlango mbali na jua la dirisha ili kisipauke upande mmoja.